Daktari William John Little, Mganga wa Watoto Waliokakamaa Viungo

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za watu waliofika pwani yetu zamani, wakajenga, wakafundisha, na wengi wao wakazikwa papa hapa. Mtu ambaye twataka kueleza maisha yake sasa si mmoja wao. Kazi yake yote aliifanya Ulaya, naye alifariki mwaka 1894. Lakini kazi hiyo yaingia kila siku katika nyumba za Kariakoo, Gerezani na Upanga, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kueleza waziwazi hali ya watoto ambao leo twasema wana mtindio wa ubongo. Kwa miaka mingi madaktari waliiita hali hiyo ugonjwa wa Little, na jina hilo lilijulikana katika kila shule ya udaktari duniani.

Twaona inafaa kusema mapema kwa nini tumemchagua. Mtu akipita asubuhi pale Posta ya Zamani, magari yanaposhusha abiria, huenda akamwona mama amebeba mgongoni mtoto mkubwa wa miaka sita au saba. Miguu ya mtoto imekakamaa na kupishana kama mkasi, mikono imekunjwa kifuani, udenda wamtoka. Wapitao humtazama mtoto, kisha humtazama mama, na nyuso zao zauliza swali moja: mama huyu amefanya nini, au amefanyiwa nini na nani? Ndugu huuliza hivyo, jirani huuliza hivyo, na mpiga ramli hulipwa fedha kwa kujibu. Wako akina mama walioachwa na waume zao kwa ajili ya swali hilo. Wako na watoto waliofungiwa chumba cha nyuma, hata mwalimu wa mtaa hajui kwamba wamo. Basi Daktari Little aliwauliza akina mama swali lingine. Aliuliza mtoto alizaliwaje. Hilo lilikuwa swali dogo, ila kabla yake halikuulizwa kwa bidii na utaratibu namna ile, na majibu aliyoyapata yalibadili elimu ya uzazi na elimu ya magonjwa ya watoto.

William John Little alizaliwa London tarehe 7 Agosti 1810, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Red Lion, mtaa wa Aldgate, ambayo wazazi wake waliiendesha. Aldgate ilikuwa upande wa mashariki wa mji, karibu na bandari. Mahali pa magari ya farasi, mizigo, wachuuzi na wageni wa kila kabila. Anayeijua Kariakoo hahitaji kuelezwa zaidi. Utotoni alipatwa na maradhi kadha wa kadha ya watoto, na kabla hajafika umri wa kwenda shule akapatwa na ugonjwa wa kupooza ambao leo twauita polio. Uhai ulisalimika, lakini mguu wa kushoto ulidhoofika, kano ya kisigino ikajikaza, na wayo ukapinda kuingia ndani. Akawa mwenye mguu kifundo.

Alisoma kwanza Uingereza, kisha akapelekwa Ufaransa katika chuo cha Saint-Omer, alikojifunza Kifaransa vizuri sana. Watoto ni watoto kila nchi. Kule nako mwendo wake ulimfanya achekwe. Aliporudi, akiwa na umri wa miaka 16, aliwekwa chini ya mtu mmoja mtengeneza dawa wa pale pale Aldgate ili ajifunze kazi. Mwaka 1828 akaingia Hospitali ya London, iliyokuwa Whitechapel, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Mwaka 1832 akapata hati ya kuwa mpasuaji.

Wasomaji wasidhani kwamba aliuchagua udaktari ili awatibu watu wengine tu. Alikuwa akitafuta dawa ya mguu wake mwenyewe. Alisoma kwamba mwaka 1816 daktari mmoja wa Montpellier, jina lake Delpech, alikata kano ya kisigino cha mtoto ili kuunyosha wayo. Lakini jeraha lilitunga usaha, mtoto akateseka sana, na madaktari wenzake wakamlaumu Delpech, hata asirudie tena. Tangu hapo wapasuaji wakuu walishauri watu waache kabisa kukata kano. Zama hizo hapakuwa na dawa ya usingizi, wala hapakuwa na mtu aliyejua vijidudu vya usaha. Mguu wa Little haukuwa wa kumwua. Jeraha la kisu lingeweza kumwua. Waliomwonya walikuwa na sababu.

Hata hivyo alifunga safari kwenda Ujerumani, akapita katika miji ya elimu akiuliza. Berlin alisikia habari za Stromeyer, mpasuaji wa mji wa Hannover, ambaye kuanzia mwaka 1831 alikuwa amekata kano za namna hii bila ya usaha kutokea. Siri yake ilikuwa hii. Hakupasua ngozi kwa urefu. Alitumia kisu chembamba sana, akakipenyeza kwa tundu dogo, akaikata kano chini ya ngozi bila kuiona, akikisia kwa vidole. Tundu likafunikwa mara moja. Hakuuvuta wayo siku ile ile, bali alingoja jeraha lifunge, kisha akautia katika chombo cha mbao na kuunyosha kidogo kidogo siku hata siku. Mwanya uliobaki katikati ya kano ukajazwa na nyama mpya, na kano ikawa ndefu kuliko kwanza. Wao walidhani kwamba ubora wa njia ile ni kuizuia hewa isiingie. Sisi leo twajua kwamba kilichozuiwa ni vijidudu.

Tarehe 6 Juni 1836 Little alilala mbele ya Stromeyer, naye akamkata kano ya mguu wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka 25, akiwa macho, akijua kila hatari, maana yeye mwenyewe alikuwa daktari. Mguu ukanyoka. Mtu aliyekanyaga ardhi kwa ukingo wa wayo tangu utoto akasimama kwa wayo mzima. Hakurudi London mara moja. Alikaa kwa Stromeyer akajifunza kazi ile kwa mikono yake, kisha akaenda tena Berlin kuwaonyesha wakuu wa upasuaji mguu wake, uwe ushahidi. Mmoja wao, Dieffenbach, alistaajabu, naye akaanza kuitumia njia hiyo. Chuo Kikuu cha Berlin kikampa Little shahada ya udaktari mwaka 1837 kwa maandiko yake juu ya mguu kifundo.

Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, alikata kano kwa njia hiyo mjini London, jambo ambalo halijafanyika Uingereza kabla yake. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu kikubwa juu ya mguu kifundo. Watu wenye fedha wakamsaidia, na mwaka 1840 ikafunguliwa katika uwanja wa Bloomsbury nyumba ya kuwatibu maskini wenye viungo vilivyopinda. Mwaka 1845 ikapata hati ya kifalme, ikawa Hospitali ya Kifalme ya Viungo. Mwanawe mmoja akampa jina la Stromeyer, kwa shukrani. Mtoto huyo, Louis Stromeyer Little, naye akawa mpasuaji, akafanya kazi Shanghai. Mwingine, Ernest Muirhead Little, alikuja kuwa rais wa kwanza wa chama cha wapasuaji wa viungo cha Uingereza, mwaka 1918.

Kama habari zingeishia hapo, Little angekumbukwa kwa kisu. Sisi twaona kwamba ukubwa wake haukuwa katika kisu, bali katika daftari.

Maana nyumba ya Bloomsbury ilipofunguliwa walikuja watoto wa kila namna. Wengine walikuwa kama yeye, mguu mmoja umepinda, mwili mwingine mzima. Lakini walikuja na wengine ambao hawakufanana na yeye hata kidogo. Hawa hawakulegea; walikakamaa. Magoti yalibanana, visigino havikugusa chini, na akishikwa kusimama mtoto alisimama juu ya vidole, miguu ikapishana. Wengine walichelewa kusema, au maneno yalitoka kwa taabu. Little aliona upesi kwamba shida ya hawa haikuanza mguuni. Mguu ulikuwa ukitii amri mbaya kutoka juu. Tangu miaka ya 1843 na 1844 alianza kuwaeleza katika mafundisho yaliyochapishwa katika jarida la Lancet.

Akawa anawauliza mama zao, na kuandika. Je, uchungu wa uzazi ulikuwa wa siku ngapi? Mtoto alitoka kichwa au miguu? Alizaliwa kabla ya miezi kutimia? Alilia mara moja, au alikaa kimya muda mrefu, rangi yake imebadilika, wakunga wakamhangaikia? Majibu yakaanza kufanana. Mama wa Whitechapel aliyeishi chumba kimoja na bibi tajiri aliyekuja kwa gari la farasi walieleza habari moja. Kwa muda wa miaka yapata ishirini aliona watoto karibu 200 wa namna hii.

Tarehe 2 Oktoba 1861 alisimama mbele ya Chama cha Uzazi cha London, akawasomea maandiko yake pamoja na jedwali la watoto 47. Wakati ule madaktari wa uzazi walishika kwamba mtoto aliyezaliwa hapumui ana njia mbili tu: atakufa, au akipona amepona kabisa. Little akawaambia kwamba iko njia ya tatu. Mtoto huweza kuokoka, akapumua, akanyonya, akapelekwa nyumbani watu wakishangilia. Na baada ya miezi ndipo mama aonapo kwamba hakai, miguu haifunguki wakati wa kumfunga nepi, mkono haushiki. Dhara lilimpata ubongoni katika saa ile ya kuzaliwa. Akawaeleza pia kwamba kukakamaa kwa mwili si kipimo cha akili. Wako waliodhurika akili, na wako wenye akili timamu kabisa ndani ya mwili usiowatii. Wote hao aliwaona, akawaandika kila mmoja mahali pake.

Wengine katika chama walisita. Walikuwa wamezalisha wanawake wengi kwa taabu, nao walisema hawakuona watoto wa hivyo. Hili halitushangazi, maana mzalishaji humaliza kazi siku ile, na mtoto hukakamaa baadaye, mbali na macho yake. Alitaka hata kumwingiza mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza katika hesabu yake, kwa jinsi alivyoelezwa na Shakespeare kuwa alizaliwa kabla ya wakati, mwili umepinda. Hapo twaruhusiwa kutabasamu, kwa sababu mifupa ya mfalme huyo iliyofukuliwa mjini Leicester mwaka 2012 ilionyesha uti wa mgongo uliopinda tu.

Mwaka 1889 William Osler, daktari mashuhuri wa Amerika, alitoa kitabu juu ya watoto 151 wenye hali hii. Baada yake Sigmund Freud wa Vienna, ambaye watu wengi wamjua kwa mambo ya ndoto, lakini kabla ya hayo alikuwa daktari wa magonjwa ya ubongo wa watoto, akatia shaka. Alisema huenda uzazi wa taabu si asili ya dhara, bali ni dalili yake. Yaani mtoto alikwisha kuguswa tumboni, na kwa hiyo kuzaliwa kwake kukawa na taabu. Watu hawakumsikiliza sana, na kwa miaka karibu mia moja kila mtoto wa namna hii alihesabiwa kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Utafiti wa siku zetu umempa kila mmoja sehemu yake. Katika nchi tajiri walio wengi hudhurika kabla ya uchungu kuanza, au huzaliwa njiti. Katika nchi zetu kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kungali sababu kubwa, pamoja na manjano ya mtoto mchanga isiyotibiwa, malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo. Katika orodha hiyo yote hamna laana wala uchawi. Wala hamna mahali pa kumhukumu mama aliyelala na uchungu siku mbili akingoja gari la kumpeleka hospitali.

Little mwenyewe alitumikia Hospitali ya London hata mwaka 1863, akaendelea kutibu watu kwake, mpaka uziwi ulipomzidi akastaafu, akahamia kijiji cha Ryarsh, katika jimbo la Kent. Alifariki kule tarehe 7 Julai 1894, umri wake miaka 83. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa mji mchanga wa utawala wa Wajerumani. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu, ilifunguliwa mwaka 1897. Na ile ya wenyeji ilijengwa kwa mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo huo. Jina la Sewa Haji lingali katika wodi za Muhimbili.

Mkato aliokatwa Little kule Hannover haujapotea. Katika hospitali ya CCBRT, Msasani, watoto wachanga wenye mguu kifundo hutibiwa kwa njia iliyotengenezwa na Daktari Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Wayo huzungushwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila juma, na mwisho, kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo, kwa dawa ya ganzi. Ni kano ile ile, na tundu lile lile. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, kwanza usiku na mchana, halafu wakati wa kulala tu, mpaka umri wa miaka minne au mitano. Wazazi wengi huvivua mapema kwa huruma, na mguu hurudi kupinda. Huruma hiyo yafaa waonywe nayo.

Mtindio wa ubongo hauna mkato wa namna hiyo. Ubongo ulioumia haushonwi. Linalowezekana kwa mtoto aliyekwisha kuupata ni mazoezi, kukalishwa vema, kulishwa akiwa ameketi ili chakula kisimpalie, na kiti cha kufaa. Linalowezekana kabla yake lapatikana katika dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kuanzia mwaka 2009 wakunga na waganga wa hospitali nane za Tanzania walifundishwa kazi ndogo: mtoto akitoka akaushwe kwa kitambaa, asuguliwe mgongo, na ikiwa hapumui, katika dakika hiyo hiyo apuliziwe hewa kwa kifuko na kibarakoa usoni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo ni hesabu ya vifo tu. Dhara lile alilolieleza Little mwaka 1861 hutokana na dakika hizo hizo za kukosa hewa.

Kwa waalimu tuna neno moja zaidi. Mtoto mwenye mtindio huletwa shuleni amechelewa, tena mara nyingi haletwi kabisa, kwa kuwa wazazi wamekwisha kuambiwa kwamba hana akili. Mjini mwetu ziko shule zinazopokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, kama Uhuru Mchanganyiko iliyo katika Wilaya ya Ilala. Anapofika darasani, kwanza mikono yake itaruka asipotaka, na uso utakunjamana anapojaribu kusema. Mwalimu akiuliza swali, neno la kwanza laweza kuchukua muda mrefu kutoka, na darasa zima litacheka. Mwalimu angoje. Mara nyingi jibu lilikuwa tayari tangu swali lilipoulizwa.